Mkuu, akaunti ya Play Store iwe kwa jina lako kabla hujamlipa fundi hata shilingi

Usikubali. Umeandika kwamba fundi anayekutengenezea apu ya bei za mahindi ya soko la Kibaigwa, Dodoma, ataipandisha Play Store kwa akaunti yake "ili kuokoa dola 25", halafu ukauliza utumie Flutter (zana ya kutengenezea apu) au la, iPhone isubiri au isisubiri, na wafanyabiashara uwatoze kiasi gani. Hayo yatasubiri. Hiyo dola 25 inalipwa mara moja tu, na ndiyo itakayoamua kama apu ni yako au ni yake.

Sisi tulikuwa na apu ya zabibu. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi, huku Dodoma, anaandika kreti alizovuna, mnunuzi anaona, wanapigiana. Mtandao shambani ni wa kubahatisha, kwa hiyo kumbukumbu za mizani zilikaa ndani ya simu kwanza. Watu waliipenda. Mshauri mmoja tuliyemlipa vizuri kabisa akatuambia mambo ya akaunti "ni ya kiufundi, mwachieni fundi". Huyo bwana bado anatoa semina mjini, na bado nina hasira naye, kwa sababu mtu anayelipwa kutoa ushauri alipaswa kujua kwamba hilo ni suala la umiliki. Ni sawa na kujenga nyumba kwenye kiwanja chenye hati ya jina la fundi muashi.

Fundi akapata ajira Dar, simu ikawa haipokelewi. Mwanzoni hatukuona shida, apu ilikuwa inafanya kazi. Kumbe Google kila mwaka wanapandisha kiwango cha Android, yaani toleo la mfumo wa simu, ambacho apu lazima ilenge. Ukibaki nyuma sana, mtu mpya mwenye simu ya toleo jipya kuliko lile apu yako inalolenga haioni kabisa akiitafuta. Mkulima ananunua simu mpya pale Majengo, anatafuta, hakuna kitu. Jirani yake mwenye simu ya zamani anayo. Wakaanza kusema tumewatapeli.

Msimbo tulikuwa nao, tukampa kijana mwingine arekebishe, tukatuma faili kwa WhatsApp. Simu zikagoma kusakinisha. Android haikubali toleo jipya juu ya la zamani kama halijasainiwa kwa ufunguo uleule wa kidijitali, na ufunguo alikuwa nao fundi. Njia iliyobaki ni kufuta apu ya zamani kwanza, na ukiifuta, kilichohifadhiwa ndani yake kinaondoka nayo. Wakulima walifuta, katikati ya mavuno. Kumbukumbu za mizani ambazo hazijafika kwenye seva zikapotea, na zabibu ikishakatwa haikusubiri umalize kubishana na mnunuzi ilikuwa kilo ngapi. Fundi alipopatikana akataka hela ya "kuachia", kubwa kuliko tuliyomlipa kutengeneza.

Tukapandisha apu mpya kwa akaunti yetu. Kitambulisho cha apu Play Store, tofauti na jina lake, hakirudiwi, kwa hiyo ikaanza bila nyota na bila maoni hata moja. Wengine wakawa na apu mbili za jina moja kwenye simu na wanaingiza mzigo kwenye ile iliyokufa. Unaweza kupanga rangi na vitufe vizuri namna gani, mtu akishapoteza kilo zake humrudishi.

Na usidhani tatizo ni fundi mbaya tu. Mafundi wengi wanaweka apu za wateja kadhaa kwenye akaunti moja. Google wakiifunga kwa kosa la mteja mmoja, zinaondoka zote, na ya kwako humo.

Kwa hiyo fungua akaunti mwenyewe. Ya binafsi siku hizi inadai wajaribuji 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kwenda hadharani. Pale Kibaigwa madalali 12 hawakosi, na utajifunza mengi kwa kuwaangalia wanavyoishika. Ya kampuni haina sharti hilo, ila inataka usajili wako, mfano wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), na namba ya D-U-N-S, namba ya kimataifa ya kutambulisha kampuni, ambayo huchukua muda, anza mapema. Fundi mwalike ndani ya Play Console, ukurasa wa Google wa kusimamia apu zako, kama mtumiaji, umpe ruhusa za kupandisha matoleo tu. Barua pepe ya akaunti na namba ya simu ya uthibitisho ziwe zako, zisiwe za mpwa wake wala za ofisi yake. iPhone ukifika huko, dola 99 kwa mwaka, masharti yangu ni yaleyale.

Na kama ameshaipandisha, mpigie leo mkiwa bado mnaelewana. Google wanaruhusu apu kuhamishwa kwenda akaunti nyingine pamoja na watumiaji na maoni yake, lakini ombi lazima lianzishwe na mwenye akaunti iliyopo sasa. Utampa namba ya muamala wa ile dola 25 uliyolipa kusajili ya kwako. Malipo yake ya mwisho yashikilie mpaka uione apu kwenye Play Console yako.