Barua kwa mwanangu: Pandeni basi kwanza, mrudi na kaskazi

Mwanangu Rukia,

Baada ya salamu, sisi huku Malindi hatujambo, isipokuwa goti la mamako ni lile lile. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili na ramani mkononi. Wasema wewe na wenzako mwataka kutoka hapa hadi Lamu kwa baiskeli mwezi wa Desemba, na mmegawanyika. Wengine wataka kukanyaga njia nzima. Wengine wasema kuanzia Minjila, penye njia panda ya Lamu karibu na Garsen, hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, mpande basi, na wale wa kwanza wawaambia huko ni kujidanganya. Waniuliza mimi ningefanyaje.

Ningepanda basi. Tena ningelipanda siku ya kwanza, si ya mwisho.

Kipande hicho nakijua, na najua kinachowatia tamaa: siku hizi ni lami, na kwenye picha chaonekana kizuri. Lakini kwa miaka mingi mabasi yamekuwa yakipita huko yakisindikizwa na askari, na si kwa urembo. Watu wameuawa kwenye barabara ile. Msafara wa mabasi haumngoji mtu wa baiskeli, na mtu wa baiskeli akitobokewa na tairi porini yuko peke yake. Pengine wiki mtakayokuja hali itakuwa shwari kabisa. Habari hiyo iulizeni kwa polisi na kwa makondakta wa Lamu wiki hiyo hiyo, si kwa mtu aliyepita mwaka jana akarudi na picha. Na kuna mto pia. Novemba 2023 Tana ilifurika ikaimeza barabara upande wa Gamba, Lamu ikakatika na bara.

Sasa upepo, ambao katika ujumbe wako sikuuona hata neno. Desemba ni kaskazi, upepo utokao kaskazini mashariki. Mkitoka Malindi kuelekea Garsen mwaenda kaskazini, basi utawapiga usoni mchana kutwa, tena ukiwa na joto. Mnara wa Vasco da Gama ulikuwa ukipanda na wenzako kupiga picha mkiwa wadogo, basi huyo bwana aliondoka hapa Aprili 1498, kusi, upepo wa kusini, ikianza, akafika Calicut, India, kabla ya mwezi mmoja kutimia. Kurudi hakutaka kungoja msimu. Bahari ile ile ikamchukua karibu miezi mitatu, na mabaharia wake wengi wakafa njiani kwa kiseyeye. Nyinyi hamtakufa, lakini siku ya pili mtaanza kununiana.

Kwa hiyo igeuzeni safari. Kama likizo zenu ni Desemba tu, pakieni baiskeli kwenye basi hapa Malindi mwende moja kwa moja hadi Mokowe. Baiskeli ziacheni kwa mtu mnayemwamini, mvuke kwa boti. Lamu mjini baiskeli ni mzigo: vichochoro vyembamba, punda hawampishi mtu, na utaishia kuisukuma. Kaeni siku mbili tatu, kuleni, laleni zenu, kisha basi liwarudishe Minjila. Hapo ndipo mkanyage, kaskazi ikiwasukuma mgongoni hadi nyumbani. Ni kilomita mia na kitu. Msizimalize kwa siku moja, ingawa wenye mapafu watataka.

Siku ya kwanza fanyeni fupi, mwingie Ngao, kwa Wapokomo kando ya Tana. Mkifika tu nendeni kwa chifu, mseme ni akina nani na mwalala wapi. Vijana wa Nairobi huona hiyo ni kujipendekeza. Kule ndiyo adabu, na ndiyo itakayowapatia uwanja wa kupiga mahema na samaki wa jioni. Mtoni msioge. Mamba wapo, na viboko hutoka usiku kula.

Kutoka hapo kushuka Marereni ndipo penye jua lenyewe. Vichaka, mifugo ya Waorma ikivuka barabara, na maji ya kununua yako mbali na mbali. Ondokeni mara tu baada ya swala ya alfajiri, saa tano mwe kivulini, na msitoke tena kabla ya saa kumi. Maji lita nne kila mtu, na ukwaju uliotiwa chumvi na sukari kidogo, maana maji matupu peke yake hayatoshi kwa jasho lile. Mkianza kuona mashamba ya chumvi yang'aayo, macho nyuma: kuna malori. Lori likija, tokeni kwenye lami kabisa, msishindane nalo ukingoni.

Pancha zitakuwa nyingi, na mkosaji ni mti wa mathenge. Mwiba wake huingia, ukakatika, ncha ikabaki ndani ya tairi. Mtu hutoa tyubu, hutia kiraka vizuri kabisa, hurudisha, na baada ya nusu saa iko chini tena, akamlaumu aliyemuuzia viraka. Dawa yake ni kitambaa cha pamba, hata kipande cha leso kuukuu. Kipitishe taratibu ndani ya tairi lote, mzunguko mzima, hadi kinase. Pale kiliponasa ndipo ulipo mwiba. Usitumie kidole, utatoboka. Nimetengeneza baiskeli za mji huu maisha yangu yote na bado naona watu wakiruka hatua hiyo.

Kuhusu yule mwenzenu mwenye mbio, mwekeni nyuma. Anayekwenda polepole ndiye atangulie, wengine wafuate mwendo wake. Akikataa, basi na aende peke yake tangu Minjila, msigombane njiani.

Mkishavuka daraja la Sabaki mmefika. Mwonyeshe wenzako yale maji mekundu. Wajue ni Athi yao ile ile inayopita karibu na Nairobi, imebadilisha jina tu, Galana huko juu na Sabaki huku. Kwenye mlango wa mto, bahati ikiwepo, mtaona heroe.

Nipigie likizo ikishathibitishwa, kabla hamjakata tikiti, niulizie basi lenye buti kubwa la kulaza baiskeli bila kuzivunja spoki. Na tyubu njooni nazo kutoka Nairobi, angalau mbili kila mtu. Za ukubwa wa baiskeli zenu mimi dukani sina.

Wasalaam,
Babako