Jibu: Binti ameangukia bomba la baiskeli, analia akikojoa

Pole sana dada, na pole kwa binti. Mtoto wa miaka 6 akiangukia bomba la fremu ya baiskeli, mara nyingi huumia mashavu ya nje ya uke tu. Sehemu ile ina mishipa mingi ya damu, hivyo hata mchubuko mdogo hutisha. Kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, kisha barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Akibanwa na mkojo, akojoe akiwa ameketi kwenye beseni la maji ya vuguvugu, haitamchoma sana. Spiriti na chumvi usiweke kabisa!

Damu isipokoma, uvimbe ukiongezeka, mkojo ukiwa na damu au ukigoma kutoka, au kama alichomwa na kitu chenye ncha, mpeleke hospitali sasa hivi, hata usiku. Daktari akitaka kumpa usingizi ili amchunguze vizuri, mkubalie.

Na kama maelezo ya ajali hayalingani na jeraha, huenda amefanyiwa ukatili wa kingono: usimwogeshe, usifue nguo zake, usimhoji sana. Mfikishe hospitali mapema, maana dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Kwa Tanzania na Kenya, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.