Maswali yenu kuhusu Elizabeth Catlett, mchongaji aliyesomea kwa vinyago vya Afrika

Tangu nilipomtaja Elizabeth Catlett katika safu iliyopita, mmeniandikia wengi. Kuna waliouliza kwa mstari mmoja na kuna waliokuja na hoja za kubishana, na nimezifurahia zote. Nimeyapa nafasi zaidi maswali yanayohusu kazi za mikono yake, maana huko ndiko kwenye utamu.

Sijawahi kumsikia. Naomba historia yake kwa ufupi.

Alizaliwa Washington, Marekani, tarehe 15 Aprili 1915, akafariki Cuernavaca, Meksiko, tarehe 2 Aprili 2012 akiwa na miaka 96. Baba yake alikuwa mwalimu wa hisabati na alifariki kabla binti hajazaliwa, hivyo mama ndiye aliyehangaika kumlea na kumsomesha. Babu na bibi zake walikuwa wameonja utumwa, na alikua akisikia habari hizo nyumbani. Alichonga mbao na mawe, alifinyanga sanamu za udongo, na alipiga chapa za picha kwenye karatasi. Aliolewa kwanza na mchoraji Charles White, wakaachana. Mwaka 1947 akaolewa na msanii wa Meksiko, Francisco Mora, wakapata watoto watatu wa kiume.

Ni kweli chuo kilimkataa kwa sababu ya rangi yake?

Ni kweli. Alikuwa amekwisha kupata nafasi katika Taasisi ya Teknolojia ya Carnegie huko Pittsburgh. Walipotambua kwamba ni Mweusi, nafasi ikafutwa. Akaenda Chuo Kikuu cha Howard, akahitimu mwaka 1935, akafundisha kwa muda katika jimbo la North Carolina, ambako walimu Weusi walilipwa chini ya wenzao Weupe, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Iowa. Huko aliruhusiwa kusoma lakini hakuruhusiwa kulala katika mabweni ya chuo. Hata hivyo, mwaka 1940 alitoka na shahada ya uzamili ya sanaa, mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata chuoni hapo, na sanamu yake ya mama na mtoto, ya jiwe la chokaa, ikashinda tuzo ya kwanza ya uchongaji mwaka huohuo katika maonyesho makubwa ya Wamarekani Weusi mjini Chicago.

Mwaka 2008 chuo kilichomkataa, ambacho sasa kinaitwa Carnegie Mellon, kilimtunuku udaktari wa heshima. Alikuwa na miaka 93. Nafurahi alikuwa hai kuupokea, ila siwezi kusema deni lililipwa.

Mnasema aliathiriwa na sanaa ya Afrika. Alichukua nini hasa? Si hata Picasso alichukua?

Hili ndilo swali nililokuwa nikilisubiri.

Catlett alipokuwa Howard, mwanafalsafa Alain Locke alikuwa akifundisha hapo. Tangu mwaka 1925 Locke alikuwa akiwahimiza wasanii Weusi wa Marekani waitazame sanaa ya Afrika kama urithi wao, na alisisitiza kwamba somo kubwa lililomo humo ni nidhamu: namna mchongaji anavyolitawala umbo. Kwa maoni yangu hakuna msanii wa Marekani aliyelielewa somo hilo vizuri kuliko Catlett.

Chukua "Umoja wa Weusi", sanamu aliyoichonga mwaka 1968 kwa mti wa mwerezi. Ukiitazama upande mmoja unaona nyuso mbili tulivu, ziko ubavu kwa ubavu, zimepunguzwa mpaka kila mstari uliobaki una kazi yake. Ukizunguka upande wa pili unakuta ngumi moja kubwa iliyokunjwa. Ni gogo lilelile. Nyuso hazina hasira hata kidogo, ila huwezi kuzitazama ukasahau kilichoko nyuma yake.

Hapo ndipo utauona mkono wa Afrika. Wachongaji wengi wa vinyago vya Afrika Magharibi na Kati hawakuwa na haja ya kunakili sura ya fulani bin fulani. Walichagua. Paji la uso linakuzwa, mdomo unapunguzwa, jicho linabaki mfereji mwembamba, na bado anayetazama anajua yuko mbele ya mtu mwenye hadhi. Catlett alichukua ujasiri huo wa kuchagua. Alichukua pia uzito uliokusanyika katikati ya umbo, utulivu wa uso, na ile nafasi tupu ambayo mchongaji anaiacha kwa makusudi ili nayo iseme.

Kuhusu Picasso: yeye na wenzake wa Paris, mwanzoni mwa karne ya 20, walivitumia vinyago kuvunja kanuni za uchoraji wa Ulaya. Walitaka mshtuko. Catlett alimsoma Picasso kwa heshima, lakini alikuwa na haja nyingine. Alitaka kumchonga mama aliyebeba mtoto, mfanyakazi wa ndani, kibarua wa shambani, na alihitaji lugha ya umbo ambayo ingewapa watu hao ukubwa bila kuwapamba. Aliipata kwenye vinyago.

Tusiwanyime haki wengine, lakini. Mwaka 1943, New York, alijifunza kwa mchongaji Ossip Zadkine, na Meksiko ilimfundisha sanamu za kale za kabla ya Wahispania. Ukitazama akina mama wake wa udongo utawakuta Afrika na Meksiko wamekaa pamoja.

Yeye ni Mmarekani. Kwa nini tumhesabie sanaa yetu? Huko ni kuazima tu.

Sikubaliani nawe. Hakunakili kinyago cha kabila lolote, wala hakujifanya mchongaji wa jando au wa ngoma ya mizimu. Alisoma namna ya kujenga umbo, akaitumia kusema mambo ya watu wake. Ufundi husafiri kwa njia hiyo siku zote.

Umeandika pia kwamba baadhi ya sanamu zake zinafanana na za Wamakonde. Kufanana kupo, na chanzo kimojawapo ni gogo lenyewe. Anayechonga mama na mtoto kutoka kipande kimoja cha mti hawezi kutawanya mikono na miguu ovyo, kwa sababu gogo lina mwisho, na kila kinachochomoza ni rahisi kuvunjika. Mikono hukumbatia, magoti hukunjwa, mtoto huzama kifuani. Wachongaji wawili wasiojuana, wakiwa na patasi na mti mgumu, mara nyingi hufikia uamuzi mmoja.

Mimi ninajifunza uchongaji. Alifanyaje kazi ya udongo na ya mbao?

Ufinyanzi wa sanamu alijifunza Meksiko kwa Francisco Zúñiga, kwa njia ya kale ya nchi hiyo. Udongo unaviringishwa kuwa mikanda mirefu, kisha mikanda inapandishwa mmoja juu ya mwingine na kuunganishwa kwa vidole, mpaka sanamu isimame ikiwa na uwazi ndani. Faida yake utaijua siku ya kuchoma. Sanamu ya udongo uliojaa hukauka nje mapema huku ndani ikiwa bado mbichi, na unyevu huo ukipata moto, sanamu hupasuka. Yenye kuta za unene mmoja hukauka sawasawa. Jambo la pili ni kwamba mikanda inakulazimisha ufikirie sanamu kutoka ndani kwenda nje.

Uchongaji wa mbao alijiendeleza huko huko Meksiko kwa José L. Ruiz, miaka ya 1950. Kwenye mbao zake angalia mistari ya mti inavyofuata umbo, inazunguka tumbo au inashuka na bega, na uso wote umesuguliwa mpaka unang'aa. Hakuupaka mti rangi ili ufanane na ngozi, aliuachia rangi yake. Kama unataka zoezi moja kutoka kwake, chora gogo lako pande zote nne na uone mistari inakwenda wapi kabla ya kushika nyundo.

Kama alikuwa mchongaji, mbona picha zake nyingi ninazoziona ni za karatasi?

Kwa sababu sanamu ni moja na karatasi ni nyingi. Mwaka 1946 alikwenda Meksiko kwa msaada wa mfuko wa Rosenwald, uliowafadhili Wamarekani Weusi, akajiunga na karakana ya Taller de Gráfica Popular, ambayo wasanii wake walitoa mabango na picha za bei nafuu kwa ajili ya wafanyakazi na wakulima. Walichonga kwenye vipande vya linoleamu, yaani malighafi laini ya kutandika sakafu, wakapaka wino, wakagandamiza karatasi. Huko ndiko alikotoa mfululizo wa picha 15 kuhusu maisha ya mwanamke Mweusi wa Marekani.

Inayojulikana zaidi ilikuja mwaka 1952: mwanamke kibarua wa shambani mwenye kofia pana ya majani, uso ameuinua kidogo, anatazama mbali. Shuka na macho mpaka kifuani. Koti halina kifungo, limebanwa kwa pini. Ile pini inakupa habari za ujira wake kuliko ukurasa mzima wa maelezo, na ameiweka mahali ambapo mwingine angeweka mkufu.

Kwa nini alinyang'anywa ruhusa ya kuingia kwao?

Serikali ya Marekani iliiona karakana ile kuwa ya kikomunisti, na mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa migomo ya wafanyakazi wa reli, alikamatwa huko Meksiko. Mwaka 1962 alichukua uraia wa Meksiko. Marekani ikamtangaza kuwa mgeni asiyetakiwa. Mwaka 1970 alialikwa kuhutubia mkutano wa sanaa ya Weusi karibu na Chicago, akanyimwa viza, akahutubia kwa simu. Viza aliipata mwaka 1971, ili ahudhurie maonyesho yake mwenyewe Harlem, mtaa wa Weusi huko New York. Uraia wa Marekani alirudishiwa mwaka 2002.

Huko Meksiko, wakati huohuo, alikuwa mwalimu. Mwaka 1958 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa uchongaji katika shule ya sanaa ya chuo kikuu cha taifa, na alifundisha mpaka mwaka 1975.

Nasikia aliwahi kuwaingiza wanafunzi makumbusho kwa siri. Ilikuwaje?

Haikuwa kwa siri, ilikuwa kwa akili. Alikuwa mkuu wa idara ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Dillard, New Orleans, na makumbusho ya Delgado yalikuwa na maonyesho ya Picasso. Yalikuwa ndani ya bustani ambayo Weusi hawakuruhusiwa kuikanyaga. Catlett aliomba siku ambayo makumbusho hufungwa, akawapakia wanafunzi kwenye basi lililowashusha mlangoni kabisa. Mmoja wa wanafunzi wake wa Dillard, Samella Lewis, baadaye alikuwa msanii na mwanahistoria mkubwa wa sanaa ya Weusi. Leo sanamu ya shaba ya Louis Armstrong, kazi ya Catlett, imesimama katika bustani ya wazi mjini humohumo.

Nikitaka kumjua kwa kutazama tu, nianze na kazi ipi?

Anza na ukumbusho wa mwandishi Ralph Ellison, New York, uliozinduliwa mwaka 2003. Ni bamba la shaba lenye urefu wa futi 15, na katikati limekatwa umbo la mtu anayetembea. Mtu mwenyewe hayupo, unaona miti na barabara kupitia mwili wake, jambo linalomfaa mwandishi wa riwaya kuhusu mtu asiyeonekana. Kisha rudi nyuma utafute "Heshima kwa Dada Zangu Vijana Weusi" ya mwaka 1968: mwanamke wa mwerezi, ngumi juu, uso umeelekea angani, na tumboni ameachiwa uwazi. Ziweke picha hizo mbili pamoja. Utaona kwamba kwa miaka 35 alikuwa akilichonga pengo kwa uangalifu uleule aliouchongea mti.