Mkia wa Kitenzi: Nilivyojifunza Kuambisha Vitenzi vya Kijerumani

Mtu wa kwanza kunisemesha Kijerumani nje ya darasa aliniuliza "Wo wohnst du?", yaani unaishi wapi, nami nikamjibu "Ich wohnst", kisha nikanyamaza kwa sababu niliisikia kasoro mara tu ilipotoka mdomoni. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kukariri jedwali zima la wakati uliopo, na ningeweza kulitamka kutoka juu hadi chini bila kutazama daftari. Nilichokuwa sikiwezi ni kuliingia jedwali hilo katikati, papo hapo, pasipo kuanzia mstari wa kwanza. Namwandikia makala hii mtu anayeanza sasa, kwa kuwa naamini kwa dhati kwamba mzungumzaji wa Kiswahili huingia darasani akiwa tayari na sehemu kubwa ya ujuzi huu, ila mara nyingi hakuna anayemwonyesha mahali ulipo.

Kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Katika sarufi yetu, mnyambuliko ni ule urefushaji wa kitenzi unaotupatia pigia, pigana na pigwa kutokana na piga. Kinachomsumbua anayeanza Kijerumani ni jambo jingine, nalo ni kukitia kitenzi alama ya nafsi, ili msikilizaji ajue nani anatenda. Sisi huiweka alama hiyo mwanzoni mwa kitenzi, kwa ni-, u-, a-, tu-, m- na wa-, ilhali Kijerumani huiweka mwishoni. Chukua kitenzi "lernen", kujifunza. Ukiondoa "-en" unabaki na mzizi "lern-", ambao hupachikwa mkia wa kila nafsi: ich lerne, du lernst, er lernt, wir lernen, ihr lernt, sie lernen. Nafsi ni sita kama zetu, lakini mikia inajirudia, kwa maana "-t" hutumika kwa yeye na pia kwa ninyi, na "-en" hutumika kwa sisi na kwa wao, tena ni umbo lilelile unaloliona kwenye kamusi. Mikia ya kushika, basi, ni minne tu.

Kwa kuwa mikia inajirudia, mkia peke yake hautoshi kumtambulisha mtendaji, na ndiyo maana katika sentensi ya kawaida kiwakilishi hakiachwi. Kwetu "ninajifunza" ni sentensi kamili, wala hatuhitaji kutaja "mimi" isipokuwa tunapotaka kusisitiza. Ukimwambia Mjerumani "lerne" bila "ich", atasikia amri: jifunze! Nilikidondosha kiwakilishi kwa muda mrefu, hasa nilipozungumza kwa haraka, mpaka nilipoanza kuichukulia "ich lerne" kuwa ni "mimi ninajifunza", nikijua kwamba ule mkazo tunaousikia sisi katika "mimi" wenye lugha hawausikii katika "ich".

Hapo pana mtego mmoja unaostahili kuangaliwa kwa makini. "Yeye" wetu ni mmoja kwa mwanamume na mwanamke, lakini Kijerumani kina "er", "sie" na "es", na hiyo "sie" ina kazi nyingi, kwani inaweza kuwa yeye wa kike, inaweza kuwa wao, na ikiandikwa kwa herufi kubwa, "Sie", ni namna ya heshima ya kumwambia mtu mzima usiyemzoea, awe mmoja au wawe wengi. Katika maandishi herufi kubwa husaidia kidogo, lakini sikio haliioni herufi. Linaloliokoa sikio ni mkia: "sie lernt" ni yeye, "sie lernen" ni wao, au ni wewe ninayekuheshimu. Tangu nilipolielewa jambo hili niliacha kuhangaika na kiwakilishi nikawa natega sikio mwishoni mwa kitenzi, na sentensi nyingi zilizokuwa zikinipita zikaanza kueleweka.

Kutega sikio mwishoni ni kazi ngumu kwetu kuliko vitabu vya kiada vinavyokiri. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, na ulimi wetu hupenda kuiongeza pale isipokuwepo, hivyo "lernst" hutaka kuwa "lernesti" na "macht" hutaka kuwa "machte". Wengine huliona hili kuwa suala la lafudhi tu, lisilo na madhara. Mimi siafiki, kwa sababu katika Kijerumani ile irabu ya ziada hubadili wakati wa kitenzi. "Er lernt" maana yake anajifunza, na "er lernte" maana yake alijifunza. Vivyo hivyo "sie macht" ni anafanya na "sie machte" ni alifanya. Anayetamka irabu mwishoni bila kukusudia anajikuta akisimulia mambo ya zamani wakati anazungumzia ya leo. Kwa hiyo nakushauri uyafanyie mazoezi maumbo ya "-st" na "-t" kwa sauti, polepole, ukiishia kwenye konsonanti na kufunga kinywa hapo: wohnst, wohnt, kommst, kommt, fragst, fragt. Dakika tano kwa siku zilinitosha, lakini zilikuwa dakika za kila siku.

Sasa nirudi kwenye lile swali lililonishinda, maana kosa langu lilikuwa na sababu inayoeleweka. Nilisikia "wohnst" katika swali nikalirudisha kama lilivyo. Je, tunafanya hivyo kwa Kiswahili? Mtu akikuuliza "Unaishi wapi?" hutamjibu "Unaishi", bali unaing'oa u- na kuweka ni- bila hata kujua kwamba umefanya lolote. Ujuzi huo wa kubadili nafsi kati ya swali na jibu ndio ninaousema kwamba tunao tayari. Kinachobaki ni kuuhamishia mwisho wa kitenzi, na jedwali haliwezi kukufanyia kazi hiyo, kwa sababu katika jedwali hakuna anayemwuliza mwenzake kitu.

Niliyaweka majedwali kando nikaanza kuandika vitenzi katika jozi za swali na jibu. Nilichagua kumi ambavyo katika wakati uliopo havina ukorofi wowote: wohnen, kommen, machen, lernen, gehen, kaufen, trinken, spielen, hören na fragen. Kwa kila kimoja niliandika swali upande wa kushoto na jibu upande wa kulia, kisha nikayafunika majibu kwa karatasi na kuyatoa kwa sauti. "Was lernst du?" "Ich lerne Deutsch." "Kommst du morgen?" "Ja, ich komme morgen." Hapa "-st" inakwenda kuwa "-e". "Lernt ihr Deutsch?" "Ja, wir lernen Deutsch." Hapa "-t" inakwenda kuwa "-en". "Wohnt sie hier?" "Ja, sie wohnt hier." Hapa hakuna kinachobadilika, na hilo nalo linahitaji mazoezi, kwa sababu ukishazoea kubadili utabadili hata pasipotakiwa. Baada ya wiki mbili za zoezi hili nilikuwa najibu bila kutafuta. Nikagundua pia kasoro nyingine, kwamba darasani sisi wanafunzi hujibu tu na mara chache huuliza, kwa hiyo umbo la "ich" hukomaa na umbo la "du" hubaki changa. Nilianza kuyafunika maswali badala ya majibu, na kutokana na jibu nikalijenga swali.

Mizizi michache hudai marekebisho madogo ya sauti. Mzizi ukiishia kwa t au d, Kijerumani huingiza "e" ili mkia utamkike: du arbeitest, er arbeitet, du findest. Ukiishia kwa s, ß (herufi ya Kijerumani itamkwayo kama s), z au x, umbo la "du" huongezewa "t" peke yake, kwa kuwa sauti ya "s" imo tayari: du heißt, du tanzt. Haya hayahitaji kukaririwa. Ukiyatamka mara kadhaa, kinywa chenyewe kitakuonyesha sababu.

Vitenzi vinavyobadili irabu ya mzizi ndivyo vinavyohitaji subira. "Fahren", kusafiri kwa chombo, hutoa ich fahre lakini du fährst na er fährt. "Sprechen", kusema, hutoa du sprichst na er spricht. "Lesen", kusoma, hutoa du liest na er liest. Mabadiliko hayo hutokea kwa "du" na kwa "er, sie, es" tu. Nafsi nyingine zote hubaki na irabu ya asili. Huwezi kukisia kwa kulitazama umbo la kamusi, na ukikisia utajifunza makosa. "Sehen", kuona, hubadilika kuwa er sieht, lakini "gehen", kwenda, hubaki er geht. "Laufen", kukimbia, huwa er läuft, lakini "kaufen", kununua, hubaki er kauft. Kwa sababu hiyo sikubali tena kuandika kitenzi kipya kwenye daftari kwa umbo moja. Naandika "fahren, er fährt" au "gehen, er geht" katika mstari mmoja na kuyatamka yote mawili kwa pamoja, kwani ukilijua la "er" umelijua la "du", na lililobaki linafuata kanuni.

Kitenzi kilichonitesa kuliko vyote ni "sein", ambacho maana yake ni "ni", na pia "niko" na "nipo". Ich bin, du bist, er ist, wir sind, ihr seid, sie sind. Kwa muda nilidhani ugumu wake unatokana na kutofuata kanuni, lakini naona sasa kwamba sababu iko ndani ya lugha yetu. Sisi husema mimi ni, wewe ni, wao ni, na neno hilo halibadiliki kwa nafsi yoyote, kwa hiyo katika nafasi hiyo ya sentensi hatuna mazoea ya kubadili kitu. "Haben", kuwa na, niliishika haraka zaidi, na nadhani ni kwa sababu nina, una na ana vinabadilika kwetu pia: ich habe, du hast, er hat, wir haben, ihr habt, sie haben. Vipe vitenzi hivi viwili muda wa kutosha kabla ya kuongeza vingine, na "sein" upewe mara mbili ya "haben".

Kundi la können, müssen, wollen, sollen, dürfen na mögen, yaani kuweza, kulazimika, kutaka, kupaswa, kuruhusiwa na kupenda, lina jambo moja la kulichunga, nalo ni kwamba umbo la "ich" na la "er" ni sawa na halina mkia: ich kann, er kann, ich muss, sie muss. Nimewasikia wanafunzi wengi wakisema "er kannt", wakidhani wanaifuata kanuni. Ninavipenda vitenzi hivi kwa sababu kitenzi cha pili kinachovifuata hakiambishwi, bali hukaa mwishoni mwa sentensi katika umbo la kamusi, kama "kuja" isivyobadilika katika "naweza kuja" na "tunaweza kuja". "Ich kann heute nicht kommen", yaani siwezi kuja leo. Anayeanza akivishika vizuri, ataweza kusema mengi kwa vitenzi ambavyo bado hajui kuviambisha.

Yapo pia maeneo ambamo Kijerumani ni chepesi kuliko Kiswahili, na ni haki kuyataja. Ukanushi haukigusi kitenzi. Sisi hugeuza ninasoma kuwa sisomi, tukibadili mwanzo na mwisho. Mjerumani huongeza "nicht" na kitenzi kikabaki kilivyo: ich lerne, ich lerne nicht. Wakati uliopo nao ni mmoja kwa ninajifunza na kwa hujifunza, na mara nyingi hata kwa nitajifunza kesho, ilimradi neno la wakati litajwe: "Morgen lerne ich Deutsch." Tazama pia kwamba katika sentensi hiyo kitenzi kimeng'ang'ania nafasi ya pili na "ich" imesogea nyuma yake, lakini mkia ni uleule. Ongeza sentensi za namna hiyo kwenye jozi zako mapema, ili usizoee kuutafuta mkia baada ya kiwakilishi peke yake. Fanya hivyo pia kwa vitenzi vinavyogawanyika, kama "aufstehen", kuamka, ambacho kipande chake cha mbele huhamia mwishoni mwa sentensi: "Ich stehe früh auf." Kinachoambishwa ni "stehen", na "auf" haikuhusu mpaka ufike mwisho.

Watu huniuliza ni lini waanze wakati uliopita. Mimi nilingoja mpaka "haben" na "sein" zikawa zinatoka bila kufikiri, na sijutii, kwa sababu katika mazungumzo ya kawaida Wajerumani hutumia sana umbo liitwalo Perfekt, ambalo hubebwa na vitenzi hivyo viwili: ich habe gelernt, du hast gelernt, ich bin gekommen, sie ist gekommen. Kitenzi kikuu hukaa mwishoni kikiwa na umbo moja kwa nafsi zote, na alama ya nafsi iko kwa msaidizi peke yake. Ilinibidi nijifunze maumbo kama gelernt na gekommen, na kujua ni kitenzi gani huenda na "sein". Nilitumia daftari lilelile na jozi zilezile, "Hast du gelernt?" upande wa kushoto na "Ja, ich habe gelernt" upande wa kulia, na kwa mwezi mzima sikuhitaji kujifunza mkia mpya hata mmoja.