Giza Unaloliona Kwenye Sala: Barua kwa Mwanangu Aliye Kibirizi, Kigoma

Tabora, Kwaresima

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema tangu Jumatano ya Majivu ukipiga magoti moyo ni mkavu, huoni kitu, na maneno ya sala unayasikia kana kwamba anayasema mtu mwingine. Unauliza: je, ni dhambi, ni Mungu amekuacha, au upumzike kusali mpaka nuru irudi?

Hilo la mwisho nalijibu kwanza, maana ndilo la hatari. Usiache. Mtakatifu Inyasi wa Loyola (1491–1556), mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, alifundisha kwamba moyo ukiwa gizani, azimio ulilolifanya ukiwa kwenye mwanga lisiguswe. Ulipanga dakika 20? Zibaki 20. Tena yeye alishauri ukae kidogo zaidi ya muda uliopanga, dakika moja au mbili, ili kile kishawishi cha kuinuka mapema kishindwe. Usiongeze saa nzima. Wengi huharibikiwa hapo: wakiona ukavu wanaongeza rozari nne, mkesha wa kila Ijumaa na kufunga hata maji, na kabla ya katikati ya Kwaresima wamechoka, wameacha vyote.

Sasa giza lenyewe. Si la aina moja, na dawa ya hili ni sumu kwa lile.

Kuna la mwili. Wewe unaamka saa kumi alfajiri kuwahi mitumbwi, unashinda juani ukigeuza dagaa, halafu unapanga kusali saa nne usiku. Hapo hakuna fumbo, mama, ni usingizi. Sala ihamie mchana, dagaa wakishatandazwa na kazi iliyobaki ni kufukuza kunguru. Kuhusu kufunga, sheria ya Kanisa inadai siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59: mlo mmoja kamili, na vingine viwili vidogo ambavyo hata vikijumlishwa havifiki ule mmoja. Mgonjwa, kama mwenye vidonda vya tumbo, hadaiwi. Njaa ya kupitiliza huleta hasira na kizunguzungu, kisha mtu anamsingizia shetani.

Kuna la dhambi. Hili halifichiki, kwa kuwa dhamiri hutaja kitu: deni ulilolikana, mizani uliyoichezea, jirani usiyemsalimia. Ukinyamaza tu, jambo lilelile linarudi. Hapo usihangaike kutafuta namna bora ya kusali. Nenda kitubio, ukaungame kwa padre, na cha watu kirudi kwa wenyewe. Uende mapema, maana Juma Kuu foleni ni ndefu na padre naye ni binadamu.

La tatu ndilo linalowachanganya watu. Yohane wa Msalaba (1542–1591), mtawa wa shirika la Wakarmeli huko Hispania aliyefungwa na watawa wenzake mjini Toledo mwaka 1577, miezi kama tisa ndani ya chumba chembamba kisicho na mwanga wa maana, aliandika dalili tatu za giza linalotoka kwa Mungu. Kwanza, huoni ladha katika mambo ya Mungu, wala huipati kwingine. Anayepooza kanisani lakini akachangamka kwenye umbea, huyo ni mvivu tu. Pili, unaumia ukidhani humtumikii Mungu inavyopasa. Aliyepoa kweli haumii. Tatu, huwezi tena kutafakari kwa kujichorea picha akilini kama zamani, hata ujilazimishe. Lazima ziwepo zote tatu kwa pamoja. Ikikosekana moja, rudi ukapime aina mbili za mwanzo. Swali lako linanionyesha dalili ile ya pili. Nyingine zipime na padre wako.

Zikiwepo zote, acha kulazimisha picha. Zima simu, kaa wima, fanya ishara ya msalaba polepole. Soma Luka 18:10–14. Mistari hiyo inatosha wiki nzima. Chukua maneno ya mtoza ushuru, “Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi.” Yaseme mara moja, kisha nyamaza mbele za Mungu. Mawazo yakikimbilia bei ya gunia, na yatakimbilia, yaseme tena bila kujigombeza. Usijichungulie kila dakika kama umeguswa au la. Muda ukiisha, sali Baba Yetu, inuka. Siku ambayo hata hayo hayatoki, soma Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio huishia kwenye sifa, lakini hii inaishia gizani, na Kanisa linaisali kila Ijumaa kabla ya kulala.

Anayekuahidi maono ya mwanga usimfuate. Yohane alionya kwamba hata maono ya kweli yasitamaniwe.

Wavuvi wako wanajua kwamba taa ya kuvutia dagaa, mbalamwezi ikiwaka, haifui dafu. Na Pasaka huwekwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, kwa hiyo ndani ya Juma Kuu mbalamwezi haikosekani na mitumbwi mingi hupumzika siku kadhaa. Zitumie kulala vizuri, ili Jumamosi uende kwenye Kesha la Pasaka lenyewe, usingoje misa ya asubuhi. Kesha halianzi kabla ya giza kuingia. Taa za kanisa huzimwa, moto hubarikiwa nje, Mshumaa wa Pasaka huingia na kusimama mara tatu. Beba mshumaa wako. Utauwasha kwenye kituo cha pili.

Jambo jingine, na hili usilichanganye na giza la Yohane. Ukikosa usingizi wiki mbili, chakula kikakushinda, ukakwepa watu, au ukaanza kuwaza kufa, hapo panahitaji daktari, na hospitali ya Maweni ipo hapohapo mjini. Unipigie simu siku hiyohiyo. Padre utamwona ukishatoka hospitali.

Baba yako