Kikao cha bajeti Mei, na watoto na mabango? Mimi nilishaenda, soma kwanza

Dadangu, kata hiyo simu ya fundi wa fulana. Usimtumie hata shilingi.

Umesema mko wazazi thelathini, watoto wenu wana usonji, mtindio wa ubongo na Down syndrome, kaunti yenu hapa Kenya imetangaza kikao cha maoni ya bajeti mwezi Mei, na mnataka kujaa ukumbini na mabango mdai kituo cha tiba na walimu. Halafu ukauliza kuhusu kusajili kikundi, nani azungumze, barua iende kwa nani, na kama watoto waje. Mimi nilipofika kwenye neno "Mei" nikaweka chai chini.

Sisi tulikuwa wazazi 46. Tulichanga miezi minne, wengine kwa mia mia. Mabasi mawili, fulana za njano (njano! sijui nani alichagua, nadhani ni mimi), mabango, maji, soda za watoto. Jumla shilingi 58,000. Kijana wangu ana usonji na hawezi kustahimili kipaza sauti kinachopiga mluzi, na ukumbi ule ulikuwa na kipaza sauti cha kupiga mluzi tu. Alikaa chini ya meza saa mbili, mikono masikioni, nami nikainama kumbembeleza huku nikikariri hotuba yangu. Zamu yangu ilipofika nikazungumza dakika tatu. Nikalia. Wamama wakalia. MCA mmoja, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, akatoa leso akajipangusa jicho, kamera ikamulika, nikajiambia hapo sasa, kituo tumeshakipata.

Baada ya kikao, karani mmoja wa bunge la kaunti akanivuta kando karibu na meza ya chai. Mzee mpole. Akafungua kile kitabu kinene cha makadirio ya bajeti, akalamba kidole, akapekua mpaka idara tuliyokuwa tunailenga, akaweka kucha juu ya jumla pale chini. "Baba, hii namba iliwekwa Februari," akasema. "Mlikuwa wapi Februari?"

Februari tulikuwa tunachanga pesa za fulana.

Sasa nikueleze alichonieleza, maana hakuna aliyekuwa ametuambia. Bajeti ya kaunti haitungwi Mei. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kuna mpango wa maendeleo wa kila mwaka, ule wanaouita ADP, unaofika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1. Kisha inakuja CFSP, taarifa ya mikakati ya fedha, ambayo lazima ifike bunge kabla ya Februari 28, na wabunge wana siku 14 tu za kuijadili na kuipitisha. Humo ndimo kila idara inapangiwa kiwango chake cha juu. Makadirio yenyewe yanakuja kabla ya Aprili 30, yanapitishwa kabla ya Juni 30, na Julai 1 mwaka mpya wa fedha unaanza. Kwa hiyo Mei unaingia nyumba iliyokwisha kuezekwa, unaomba msingi usogezwe.

Utasema, lakini MCA si wanaweza kubadilisha? Wanaweza. Kanuni ya 37 ya kanuni za fedha za kaunti za 2015 inawaruhusu kuongeza au kupunguza fungu kwa asilimia 1 ya kiwango chake. Moja! Tuseme idara imepangiwa milioni 80: asilimia yake moja ni laki nane, na ukiongeza hapa lazima ukate kwingine. Sasa nenda kamwambie MCA akate kisima cha wadi yake akupe wewe. Yule wa leso alilia kwa dhati, simlaumu kwa machozi. Ninachomlaumu ni kwamba Novemba alikuja nyumbani kwangu, akakaa kwenye kochi langu, nikamwambia mpango wetu wote, akasema "njooni Mei kwa wingi." Alijua kalenda. Ile ni kazi yake! Lakini umati wa Mei unapiga picha nzuri, na barua ya Januari haina picha.

Na bado sijafika kwa mkufunzi. Alituletea semina ya utetezi ya siku tatu, yule bwana, na projekta yake na kalamu ya taa nyekundu. Slaidi nilizihesabu, 64. Tulifundishwa "kugusa mioyo ya watoa maamuzi", tukafanya mazoezi ya kusimulia, tukasahihishana mahali pa kunyamaza ili maneno yaingie. Nilipewa cheti. Katika slaidi 64 hapakuwa na moja yenye kalenda ya bajeti. Niliporudi kumuuliza akaniambia utetezi ni safari. Kweli, na nauli tulilipa sisi.

Kosa la pili ni dogo ila nalo lilituaibisha. Tuliomba kaunti walimu wa elimu maalum. Karani akacheka kwa huruma. Katiba, Jedwali la Nne: elimu maalum iko upande wa serikali ya kitaifa, pamoja na shule za msingi na za upili. Kaunti wana chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya kulelea watoto, na hospitali zao. Kwa hiyo mtaalamu wa tiba ya mazoezi au wa tiba ya usemi katika hospitali ya kaunti, omba kaunti. Mwalimu, toka hapo uende TSC, ile tume ya kuajiri walimu, na wizara ya elimu. Sisi tulichanganya yote kwenye karatasi moja na karatasi ikakosa mwenyewe.

Hilo halina uzito kama la tarehe. Ungekosea idara mwezi wa Januari, mtu angekuelekeza mlango wa pili na ungefika kabla haujafungwa. Ukija Mei, hata ukipatia idara utaambiwa "mwakani". Na mwaka mmoja kwa mtoto wa miaka mitatu ambaye bado hajaweza kukaa peke yake, wewe unajua maana yake kuliko mimi.

Mwaka uliofuata tulikwenda watu watatu. Bila fulana. Agosti tukapeleka karatasi ya ukurasa mmoja kwa idara ya afya na ofisi ya mipango wakati ADP inaandikwa: tunaomba wataalamu wawili wa tiba ya mazoezi katika hospitali ya kaunti ndogo, na viti maalum vya watoto. Idadi ya watoto tuliihesabu wenyewe nyumba kwa nyumba, na tukaweka umbali ambao kila mmoja anasafiri kupata tiba. Tulionyesha pia mstari ndani ya CIDP yao, ule mpango wa maendeleo wa miaka mitano, ya 2023–2027 ambapo wao wenyewe waliahidi huduma za utengamao. Huo mstari ndio uliofanya kazi kuliko machozi yangu yote, kwa sababu ofisa hapendi kuulizwa ahadi aliyoipiga chapa. Desemba tukarudia karatasi ileile kwa hazina ya kaunti, maana sheria inawataka wachukue maoni ya umma wanapoandaa CFSP. Januari nikamtafuta yule anayewakilisha watu wenye ulemavu kwenye jukwaa la bajeti la kaunti, CBEF, ambalo gavana ndiye mwenyekiti wake. Kumbe kiti chetu kipo kisheria. Aliyekikalia hakujua kuna watoto wenye usonji kaunti nzima, alidhani ulemavu ni viti vya magurudumu na fimbo nyeupe.

Aprili kitabu kilipotoka, nililamba kidole mimi mwenyewe. Ilikuwepo. Wataalamu waliandikwa wawili, akaajiriwa mmoja, na viti vilikuja robo ya mwisho ya mwaka vikiwa vidogo kwa nusu ya watoto, hiyo nitaandika siku nyingine nikiwa nimetulia. Lakini kijana wangu ana kipindi kila Jumanne na sisafiri tena saa tatu kwenda na tatu kurudi.

Kwa hiyo, Mei hii msikose, ila nendeni wawili. Chukueni nakala ya makadirio na muiangalie idara ya afya kwanza. Wakikunyima nakala andika barua ukitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, wana siku 21 za kujibu. Watoto wabaki nyumbani, nakusihi, hasa wenye masikio kama ya wangu. Zile pesa za fulana zitoeni nakala za fomu na nauli ya kuhesabu watoto Juni na Julai. Agosti ikianza uwe na karatasi mkononi.

Ile yetu ya ukurasa mmoja ninayo bado kwenye simu. Nitumie ujumbe nikupe, ubadilishe majina ya vijiji. Fulana za njano pia zipo, 11 hivi, saizi ya watu wanene. Bure.