Chembe zako za sumaku zinavutwa haraka mno, tatizo lipo hapo

Mleta mada, umesema umetengeneza chembe za magnetaiti (oksidi ya chuma yenye usumaku) kwa ajili ya kihisi cha kugundua bakteria kwenye maziwa. Ukisogeza sumaku, chembe zote zinakimbilia ubavuni mwa kichupa ndani ya sekunde chache, lakini hata maziwa yasiyo na bakteria yanakupa jibu chanya. Mimi nilikwama hapo hapo karibu muhula mzima nikisoma shahada ya uzamili.

Hiyo kasi inayokufurahisha ndiyo dalili ya ugonjwa. Chembe moja ya nanomita 10 ni ndogo mno, sumaku ya mkononi haiivuti upesi hivyo kwa sababu molekuli za maji zinairusharusha huku na huku. Kinachokimbia ni mabonge. Na bonge lina mianya. Protini za maziwa zikijibana humo hazitoki hata uoshe mara tano.

Kosa langu lilikuwa kukausha. Nilichanganya chumvi za chuma, Fe²⁺ sehemu moja kwa Fe³⁺ sehemu mbili, nikamimina amonia, mchanganyiko ukawa mweusi tii papo hapo. Nikauweka kwenye oveni nipate unga wa kupima kwenye mizani. Unga ule haukurudi tena kuwa chembe moja moja. Mkuu, usikaushe! Chota kidogo cha kupima, zilizobaki zikae majini. Pitisha nitrojeni kabla ya kuanza, maana weusi ukigeuka kahawia ujue hewa imeingia. Kisha zivishe asidi ya sitriki zikiwa bado mbichi, ili zipate chaji hasi na kusukumana zenyewe. Bafa (myeyusho wa kutuliza pH) yenye chumvi nyingi huua msukumano huo. Mimi nilipoteza kingamwili (protini inayomnasa bakteria unayemtafuta) ya bei mbaya kwa kutolijua hilo.

Sasa kama hazivutiki upesi, utazikusanyaje? Ndiyo maana vipimo vingi hutumia shanga za plastiki za maikromita 1 hadi 3 hivi, zenye chembe nano tele ndani yake. Njia ya kutengeneza shanga zinazolingana ukubwa aliifungua John Ugelstad wa Norway miaka ya 1970. Kwa kuwa chembe za ndani ni ndogo, ukiondoa sumaku nazo zinaacha kuwa sumaku, shanga zinatawanyika tena. Ukipata fedha nunua hizo, nguvu zako uziweke kwenye uso wake: bandika kingamwili, halafu ziba nafasi zilizobaki kwa protini ya albumini, ili protini za maziwa zisipate pa kushika.

Na usiiache njia ya sumaku. Maziwa ni meupe, yana mafuta, vipimo vya rangi vinahangaika nayo, lakini usumaku wake ni kama hakuna, hivyo kihisi kinasikia shanga zako tu. Ukiwavuta bakteria wa mililita 1 ukawaweka kwenye maikrolita 50, wanakuwa wamesongamana hadi mara 20 kabla kipimo hakijaanza.

Kesho pima maziwa safi kwa shanga zilizozibwa albumini bila kingamwili. Jibu likiwa bado chanya, uso haujazibwa vizuri. Lete matokeo hapa tuendelee.